Deli la Dawa ya Mifupa kutoka Dar es Salaam hadi Newala

Wenzangu mnaopita hapa nyumbani Newala kunijulia hali, na ninyi wa Mnyambe mnaopiga simu, kila mmoja ameshika kipande chake cha habari. Mmoja amesikia nilifunguliwa mgongo mara ya pili. Mwingine amesikia nilikwama barabarani nikageuka muuza soda. Yupo hata aliyeambiwa kwamba nilikuwa nadungwa dawa ya kuku. Nimechoka kusimulia vipande, maana kabla sijamaliza kimoja anaingia mgeni mwingine tunaanza upya. Kwa hiyo nimeomba chai ya tangawizi, nimekaa, naandika yote kwa kufuata njia yenyewe. Habari za kukata tiketi, kujaza karatasi na kupanga foleni dirishani sitaziandika. Hizo mnazijua, na hazina utamu.

Newala hadi Masasi

Kwa asiyenifahamu: mimi ni Mama Upendo, mwalimu wa shule ya msingi, Mmakua wa Lulindi niliyeolewa na Mmakonde wa Newala, na utani wa ndoa hiyo haujaisha mpaka leo. Miaka michache iliyopita pingili moja ya kiuno iliteleza ikabana mishipa ya fahamu, mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi. Nikafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Pingili mbili ziliunganishwa kwa vyuma na skrubu ziwe kitu kimoja. Nilipona, nikarudi ubaoni, nikasahau.

Halafu maumivu yakarudi, safari hii juu kidogo ya pale pa zamani. Kufundisha kipindi kizima nimesimama kukawa kazi, na kukaa kitini kukawa kubaya zaidi. Siku moja nilipiga chafya jikoni, chafya tu ya pilipili, nikasikia moto mgongoni hadi nikashika ukuta. Daktari wa Masasi alipiga picha, akaitazama, kisha akasema, "Mama, rudi kwa waliokufunga vyuma. Nadhani watataka kukufungua tena."

Neno hilo "kukufungua" lilininyima raha. Mara ya kwanza nilikuwa na moyo. Nilijifunza kutembea upya kama mtoto, nikishikilia kitanda, na mume wangu akinisuka nywele kwa sababu mikono yangu haikuweza kupanda juu. Nilijua ninachorudia.

Baba Upendo alitaka kunisindikiza. Dada yake, wifi yangu Somoe, akamkatalia. Somoe anauza vitenge na korosho za kubangua sokoni Newala, na sauti yake inafika dukani kabla yeye hajafika. Akasema, "Kaka, wewe ukiona damu unaanguka. Tutakuwa na wagonjwa wawili. Nitakwenda naye mimi."

Tuliondoka asubuhi, masika yakiwa yameshika, ukungu umelala juu ya mikorosho. Kwa kuwa kukaa kuliniumiza, mara tu gari lilipoanza kutikisika nilinyanyuka nikasimama, nimeshika bomba la juu. Basi hapo ndipo palipozuka kesi. Mama mmoja akamgeukia konda.

"Mtu mzima amesimama, wewe umeuza kiti chake?"

"Mama, ana kiti! Muulize mwenyewe!"

Mzee aliyekuwa mbele akainuka kunipisha. "Njoo ukae hapa, mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nashukuru, baba, lakini kiti ninacho. Nimekiacha mwenyewe."

Mzee akakitazama kile kiti, akanitazama mimi. "Umekiacha? Kina kunguni?"

Kabla sijajibu, habari ya kunguni ilishafika nyuma. Abiria waliopandia njiani walikuwa wanakiona kiti kitupu, wanafurahi, wanaambiwa jambo sikioni, wanaamua kusimama. Konda aliapa kwa Mungu kwamba gari lake ni safi. Kiti kile kilifika Masasi hakijakaliwa na mtu ila kikapu cha Somoe.

Masasi tulilala kwa Mwalimu Beata, aliyefundisha nami Mnyambe kabla hajahamishwa. Beata ametokea Rukwa, lakini kwa upishi sasa ni mtu wa kusini kutushinda sisi. Alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kusaga, akanitandikia godoro sakafuni. Asubuhi akatufungia ming'oko ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, mizizi ile ambayo wageni huidharau wakiiona na kuifuata stendi wakishaionja. Mlangoni alinishika mkono akasema, "Wakikufungua, nitakuja nikuoshe mimi." Nikalia. Nilikuwa sijalia tangu siku ya ile chafya.

Masasi hadi Dar es Salaam

Basi kubwa lilikuwa zuri, na dereva alikuwa mpole kwenye matuta. Nilikaa kidogo, nikasimama kidogo, na Somoe aliwahi kuwatangazia abiria wote ugonjwa wangu ili pasizuke tena habari ya kunguni.

Mkoani Lindi tairi likapasuka. Tukashuka. Mgongo ulikuwa umekaza kama kamba ya kisima, nikaona afadhali nilale chali kidogo. Nikatandika khanga kivulini, nikafumba macho, na Somoe akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Nilipofumbua macho, nilikuwa nimezungukwa. Kina mama wa kijiji kile walikuwa wameona basi limesimama na mtu amelazwa chini kwenye khanga, wakajumlisha wenyewe. Mmoja alikuwa amekwishaanza kunisomea dua, mikono ameifungua, macho yake yana machozi ya kweli. Upande wa pili mama mwingine, mwenye rozari, naye alikuwa ameanza sala yake. Kila mmoja aliposikia mwenzake anaomba, akapandisha sauti kidogo. Nilitaka kuinuka niseme mimi mzima, nikaona aibu kuwakatiza watu wanaoniombea. Nikabaki nimelala. Wa kwanza alipomaliza nikasema, "Amin." Wa pili alipomaliza nikasema, "Amina." Wakaruka wote wawili.

"Kumbe yu hai!"

"Yu hai, mama zangu. Mgongo tu."

Tulicheka hadi tairi likakamilika. Walituletea embe na uji wa mtama, wakakataa shukrani. Yule wa dua akaniambia, "Sasa hatuwezi kuirudisha dua. Nenda nayo hivyo hivyo, itakufaa." Nilipanda basi nikiwa mwepesi zaidi.

Dar es Salaam

Tulifikia Mbagala kwa binti wa dada yangu, na siku za vipimo nazipita. Kuna mashine nililala juu yake ikanipita mwili mzima bila kunigusa, ikipima uzito wa mifupa. Kisha tukaitwa kwa daktari bingwa wa mgongo.

Alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi, anaongea polepole. Alinisalimia "shikamoo" kwanza, jambo ambalo Somoe alilipenda papo hapo. Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Nilishamwambia Baba Upendo kwenye simu kwamba wakitaka kesho, iwe kesho.

"Mama," akasema, "umekuja ukijua tutakufanyia upasuaji?"

"Ndiyo, daktari. Niko tayari."

"Mimi siko tayari."

Akawasha taa ya kutazamia picha. Vyuma vyangu vilikuwa pale, vyeupe. Akanionyesha pingili mbili zilizofungwa. "Hizi hazipindi tena. Kazi yao ya kupinda imehamia kwa jirani wa juu, na ile diski hapa katikati, ule mto laini unaokaa kati ya pingili na pingili, umechakaa. Umekuwa mwembamba. Hilo ni la kwanza." Kisha akagusa skrubu ya juu. Kuizunguka palikuwa na kivuli chembamba cheusi. "Hili ni la pili. Skrubu inacheza. Mfupa wako hauna nguvu ya kuishika."

"Mfupa wangu una nini?"

"Umekuwa mwepesi. Mifupa inajengwa na kubomolewa kila siku, mama, kwa kila mtu. Baada ya hedhi kukoma, kwa wanawake wengi wabomoaji huwazidi wajenzi. Kwako wamezidi sana. Nikipiga skrubu mpya leo, ni kama kupiga msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa. Itashika mbele yako, nikigeuka itachomoka."

Somoe alikuwa amezama kuitazama ile picha. Nikauliza, "Sasa?"

"Sasa tuwaongeze wajenzi. Kuna homoni ambayo mwili wako huitengeneza katika tezi ndogo sana shingoni. Tunayo ya kutengenezwa. Ukijidunga kidogo kila siku, mfupa unajengeka. Unadunga mwenyewe, pajani au tumboni, kwa sindano ndogo iliyo ndani ya kitu kama kalamu. Si ya maisha, ina ukomo wake, na baadaye utapewa dawa nyingine ya kulinda kilichojengwa."

"Na diski itapona?"

Hapa nilimheshimu. "Hapana. Diski iliyochakaa hairudi kuwa mpya, nisikudanganye. Lakini mfupa ukiimarika, vyuma vikashika, na ukafanya mazoezi nitakayokupa, maumivu yanaweza kupungua mpaka upasuaji usihitajike. Nasema yanaweza. Tutapiga picha tuone."

Somoe akarudi duniani. "Daktari, samahani. Homoni hizi, hatoota ndevu?"

Daktari akajitahidi asicheke. "Hatoota."

"Sauti haitakuwa nzito?"

"Haitakuwa."

"Maana kaka yangu hakuoa mwanamume mwenzake, lazima niulize."

Sindano ya kwanza alinidunga muuguzi. Nilihisi kidogo kuliko kuumwa na siafu. Nikasimama upesi kwa furaha, chumba kikazunguka, nikakaa chini tena. Muuguzi akasema, "Ndiyo maana tunasema udunge ukiwa umekaa, mama. Siku za mwanzo inaleta kizunguzungu." Akatukabidhi kalamu zangu za kuanzia na deli dogo la bluu, lenye vipande vya barafu na kipimajoto. Dawa yenyewe ilikuwa imeagizwa kutoka nje na kusubiriwa, nyingine ya haraka haikuwepo. Maelekezo yalikuwa mafupi. "Iwe baridi kama maji ya friji, lakini isigande. Ikiganda, tupa. Ikikaa na joto, tupa."

Somoe akalikumbatia deli lile kama mtoto mchanga.

Dar es Salaam hadi mahali njia ilipokatika

Tulivuka Rufiji salama. Mbele kidogo basi likapunguza mwendo, likasimama nyuma ya msururu wa magari ambao mwisho wake hauonekani. Mvua ya usiku ilikuwa imebeba tuta la barabara pembeni mwa daraja dogo. Mafundi walikuwa wanamwaga kifusi. Tukaambiwa subirini. Haikusemwa mpaka lini.

Jua likatoka. Sisi wa masika tunalijua jua linalotoka katikati ya mvua, halina huruma. Abiria wakashuka, na mmoja akaliona deli.

"Mama, soda baridi unayo?"

"Si soda, ni dawa," Somoe akajibu.

Wa pili akaja. "Maji je?"

"Dawa!"

Alipokuja wa tano, Somoe akapoteza subira. "Ni homoni, jamani! Homoni za huyu wifi yangu!"

Kosa. Mwanamume mmoja mnene, abiria wa basi la nyuma, akakaribia kwa heshima kubwa. "Shikamooni. Nimesikia mna homoni. Mimi nafuga kuku wa nyama kule Mtama, Lindi. Hizi zinakuza kwa wiki ngapi?"

Nikamweleza kwamba ni za binadamu. Akafikiri, akasema, "Sawa, lakini kuku naye ana mifupa." Bila shaka ndiye aliyeileta habari ya kuku mpaka Newala, maana alikuwa mkarimu wa maneno.

Lakini mimi nilikuwa sicheki tena. Nilikuwa nakitazama kipimajoto. Mshale ulikuwa unapanda. Barafu zetu zilishageuka maji yanayogongana ndani ya plastiki. Nilifikiria mbao iliyoliwa na mchwa. Nilifikiria kurudi Dar mikono mitupu, kusubiri tena shehena, na mfupa unaendelea kwisha. Somoe akaniona uso. Akasema, "Kaa hapa," akaufuata msururu, anakagua gari baada ya gari kama trafiki.

Akarudi mbio, shungi limeanguka. "Kuna lori la samaki! Linarudi Kilwa kupakia, limebeba barafu!"

Tukaenda pamoja, mimi polepole. Dereva wa lori, Bwana Mshamu, alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya gari lake. Alitutazama, akalitazama deli, akarudi kulala. "Barafu yangu ni ya samaki. Kuna mama mwingine kanijia asubuhi, nimempa, kaenda kupoza soda zake anatuuzia sisi wenyewe."

"Sisi hatuuzi," Somoe akasema, akafungua kifuniko.

Bwana Mshamu akainuka kwa kiwiko, akachungulia. "Kalamu?" Akanigeukia. "Wewe mwalimu?"

"Ndiyo, ni mwalimu."

"Walimu siku hizi mnaweka kalamu kwenye barafu?"

Sikuwa na nguvu za maelezo. Nikamgeuzia mgongo, nikapandisha blauzi kidogo kiunoni, nikamwonyesha kovu langu refu lililonyooka kama reli. "Ndani humu mna vyuma, kaka yangu. Dawa hii ndiyo ya kuvishikilia. Ikipata joto imekufa."

Aliingia chini ya turubai la lori, tukasikia nyundo, akatoka na barafu mikononi. Nikaipanga mwenyewe, barafu chini, gazeti, kitenge cha Somoe kimekunjwa mara nne, ndipo kalamu juu yake zisiguse ubaridi wenyewe. Tukakaa watu watatu tunakodolea kipimajoto. Kilisita. Kisha mshale ukaanza kushuka, ukaingia ndani ya mstari wa kijani, ukatulia hapo.

"Umerudi!" Bwana Mshamu akapiga kofi paja lake. Tangu hapo akawa mlinzi wa lile deli kuliko sisi. Alipika wali kwa nazi na samaki mkavu kwenye jiko lake la mkaa, akatukaribisha pamoja na mfugaji wa kuku, na sijala wali mtamu kama ule.

Tulilala ndani ya basi. Asubuhi ikafika saa ya sindano, na muuguzi hayupo. Somoe akafungua khanga mbili kama pazia kando ya barabara, lakini pazia lile lilikuwa linazuia wanaume tu. Kina mama wote wa mabasi matatu walikuwa upande wangu. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikavuta kitufe kama nilivyofundishwa, nikashika nyama ya paja. Nikaitazama sindano, nikawatazama wao.

"Hesabu kwa sauti," mmoja akashauri.

Wakahesabu wao. Nilidunga, nikashikilia, nikachomoa. Wakapiga makofi, na mama mmoja mzee akasema, "Mimi ningezimia." Nilikaa pale pale mpaka kizunguzungu kikapita, huku nimejaa fahari. Nilikuwa nimejitibu kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya ndoo, katikati ya barabara. Kabla ya adhuhuri kifusi kikashika, magari yakaanza kupita moja moja, na Bwana Mshamu akatupigia honi ndefu.

Lulindi

Kutoka Masasi sikupanda moja kwa moja Newala. Nilipita Lulindi kumwona mama yangu. Deli lilikuwa linanuka samaki, na paka wa misheni walitufuata kutoka kanisani hadi uani.

Mama yangu amepinda mgongo miaka mingi. Anatembea anaitazama ardhi. Alipotusikia alitoka, akasema kwa Kimakua, "Nakujua kwa miguu, wewe ni wangu. Huyo mwenye vidole vipana ni Somoe."

Nilikaa naye nikamweleza yote, mifupa, wajenzi na wabomoaji. Akasikiliza, fimbo kati ya magoti. "Mimi waliniambia ni uzee."

"Ni ugonjwa, mama. Una jina."

"Kumbe." Akaisogeza fimbo kando. "Nimekwisha kuzisahau sura za watu nikiwa nimesimama. Naona miguu tu. Lala hapa nikuone."

Akajilaza mkekani kwa ubavu, taratibu, nami nikajilaza mbele yake. Akanishika mashavu, akanitazama muda mrefu, akasema nimezeeka vizuri. Kisha akaniambia kitu nilichokibeba mpaka leo. "Hiyo dawa, usiiruke hata siku moja. Usije ukawa unamwomba Upendo alale chini."

Kabla sijaondoka nilipanga naye apelekwe Masasi apimwe. Amepimwa. Mgongo wake hauwezi kunyooka tena, lakini naye sasa anatumia dawa ya kuzuia mifupa isizidi kuvunjika, na maumivu ya usiku yamepungua.

Lulindi hadi Newala

Gari lilipopanda ukingo wa uwanda nilisikia hewa ya kwetu, baridi yenye harufu ya udongo mwekundu. Baba Upendo alikuwa amesimama kituoni. Alitarajia kuniona kwenye machela. Alipoona nashuka na deli begani mwa dada yake, akauliza, "Wamekufungua?"

"Hawakunifungua."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza. Kwanza friji ina nafasi?"

Aliondoa samaki, maziwa na kila kitu chake, akaniachia rafu nzima. Umeme ulipokatika alikimbiza kalamu zangu kwa jirani mwenye sola, mara nyingine amevaa msuli tu. Kalamu zilipokwisha, nyingine zililetwa kwa basi na watu wa nyumbani. Kila asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikadunga. Nilifanya mazoezi kama nilivyoagizwa, nikala dagaa na mboga, nikaota jua. Miezi ya kwanza sikuona kitu, na zipo siku nilikasirika. Halafu siku moja darasani nilijikuta nimemaliza kipindi, nimesimama, nafuta ubao, na sijautafuta ukuta. Nikafuta ubao ule mara mbili.

Dar es Salaam tena

Hii ndiyo safari niliyorudi majuzi, ya picha za mwisho wa sindano. Njia ilikuwa kavu na haikutupa kisa chochote. Somoe alifungasha korosho kilo kadhaa za daktari.

Mashine ikanipita mwilini. Picha zikapigwa. Daktari akaweka ya zamani na mpya pamoja mbele ya taa, akazitazama, akazibadilisha nafasi, akazitazama tena. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Somoe, au yeye ndiye alikuwa ameushika wangu.

"Skrubu ile," daktari akasema, "njoo uione."

Nikasogea. Kile kivuli cheusi hakikuwepo. Weupe wa mfupa ulikuwa umekuja mpaka kwenye chuma.

"Haichezi tena. Na uzito wa mfupa umepanda kuliko nilivyotarajia. Diski ni ile ile, imechakaa, nilikwambia. Lakini haijazidi, na pingili imetulia. Tunaanza dawa ya kulinda, na mizigo mizito kichwani sahau kabisa."

Somoe akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Daktari, kwa hiyo?"

"Kwa hiyo simfungui."

Somoe alipiga kigelegele. Wanaomjua wanajua. Kilitoka chumbani, kikapita korido, kikashuka ngazi. Muuguzi akafungua mlango kwa kishindo, nyuma yake wengine wawili.

"Nani amejifungua?"

"Wifi yangu!" Somoe akalia, machozi yanamtiririka.

Muuguzi akanitazama, mvi zangu, miwani yangu. "Huyu mama? Amejifungua nini?"

"Mfupa!"

Daktari alikuwa ameinamia meza anacheka. Nje, kina mama waliokuwa wanasubiri zamu kwenye mabenchi hawakuuliza zaidi. Mmoja alipokea kigelegele, kisha mwingine, wasijue ni cha nini, mpaka korido yote ikawa inalia kama nyumba ya harusi. Nikatoka mlangoni, wima, nikasimama katikati yao nikavipokea.